Nimesimama mguu mmoja nikaanguka, hiyo balansi ndo nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Tabata kazi Posta, watoto wawili. Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, jioni foleni ya Buguruni, nikifika home napika alafu naanza biashara yangu ya madera WhatsApp mpaka saa sita usiku najibu tu wateja, mume ananiongelesha nami naitikia mmh. Juzi shosti kanipeleka darasa la yoga, mwalimu anasema yoga ni balansi ya maisha, kutusimamisha mguu mmoja tu nikamwangukia dada wa pembeni. Sasa balansi hiyo itanisaidia nini? Na hela ya kwenda kila wiki sina, na mama mkwe anasema hiyo ni dini ya Wahindi.
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nimecheka, pole wewe na pole zaidi huyo dada. Kuanguka kusikutie aibu, maana Patanjali, mhenga wa India mwenye zile Yoga Sutra, mafundisho ya yoga ya vifungu 195 hivi vya zamani sana, mikao kaieleza kwenye vifungu vitatu tu, na anachotaka ni mkao uwe imara na uwe wa raha, basi. Habari ya mguu mmoja hajaitaja.

Balansi unayoitafuta wewe iko kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, pale mungu wao Krishna anamwambia shujaa wa vita Arjuna, sura ya 6, kwamba yoga haimfai mlafi wala anayejinyima kula, haimfai anayelala mno wala anayekesha. Hapo kwenye kukesha umejiona? Watu wanadhani balansi ni kugawa masaa sawasawa kama keki ya send-off, kipande cha kazi kipande cha watoto, nani anaweza na bosi keshakula siku nzima? Pale kinachosemwa ni kiasi.

Alafu kuna neno moja la Patanjali nalipenda, aparigraha, yaani kutojilimbikizia, na mimi naona halihusu mali tu, hata oda. Nakuambia kwasababu nimeuza batiki miaka na ugonjwa huo nimeugua, simu chini ya mto, ikitetema tu nimekurupuka, "bei gani dia", nimejibu, nimetuma picha sita, kimya. Asubuhi namuuliza, anasema alikuwa anaangalia tu. Siku nilipokaa nikahesabu, wa usiku wa manane karibu wote walikuwa waangaliaji, wanunuzi wanaulizaga mchana wakiwa na hela mkononi. We nawe hesabu wa kwako wiki hii, labda wako wako tofauti, ila hesabu.

Saa tatu usiku zima sauti, simu ikachajie jikoni juu ya friji. Kama unatumia WhatsApp Business kuna sehemu ya kuweka jibu linalojituma lenyewe data ikiwa imewashwa, andika tu nitakujibu kesho saa moja asubuhi, hiyo saa moja ndo uko kwenye daladala na ukibahatika siti unajibu wote kabla ya Posta. Siku za mwanzo utawashwa mikono, kaa kitandani uhesabu pumzi zako kumi, ukipotea anza tena moja. Hiyo nayo ni yoga na hulipii.

Mama mkwe usibishane naye, hajakosea sana. Yoga imetoka India na imekulia kwenye dini yao, hata huyo Patanjali kwenye kanuni zake kaweka kujikabidhi kwa Mungu. Ni kweli Umoja wa Mataifa mwaka 2014 waliipa siku yake, 21 Juni, na wengi siku hizi wanafanya kama mazoezi tu, lakini kama zile nyimbo zao zinakukwaza kiimani nyamaza wakiimba, au liache darasa, kulala mapema hakuna atakayekuuliza ni dini gani.

Na mume akikuongelesha mwangalie usoni, mmh sio jibu.

Dera la kijani lipo? Nitumie picha, ila kesho.