Mwalimu mpya ndani ya ofisi ya walimu

Ukishasaini kitabu cha mahudhurio, usikimbilie kiti. Katika ofisi nyingi za walimu meza zina wenyewe, ingawa hazijaandikwa majina. Uliza, "Hapa anakaa nani?" Salimia wote, mlinzi na mpishi wakiwemo, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake hata kama wewe una digrii naye ana stashahada.

Sisi tunaopokea ajira mpya kwenye sekondari za Tanzania tunajua ugomvi mwingi unaanzia wapi: pale kazi yako inapokula muda wa mwenzako. Kipindi ni dakika 40. Ukizidisha 10, mwalimu wa Hisabati anasimama mlangoni na chaki mkononi, kisha anabaki na 30. Mara ya kwanza atacheka. Mara ya tatu utalisikia kikaoni. Maliza dakika 2 kabla, futa ubao, toka.

Alama za mitihani ni hivyo hivyo. Mwalimu wa darasa hawezi kutoa wastani wala kupanga nafasi mpaka masomo yote yaingie. Ukichelewesha somo lako moja, ripoti za darasa zima zimekwama, na mkuu wa shule atamwuliza yeye, si wewe. Hesabu karatasi dhidi ya majina kabla ya kukabidhi. Asiyefanya mtihani usimwekee 0 kwa kubahatisha. Mwulize mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na mitihani shuleni, mnaandikaje, maana wastani ukishuka kimakosa, mwenye darasa ndiye atakayekabiliana na mzazi.

Lililo gumu zaidi ni kukuta kosa la mwenzako kwenye daftari la mwanafunzi. Tuseme unafundisha Fizikia, ukakuta uzito umeandikwa kwa kilogramu badala ya niutoni. Ukiuliza darasani, "Nani kawafundisha hivi?", maneno yatamfikia mwenyewe kabla ya chai ya saa nne, tena yakiwa yameongezwa chumvi. Fundisha lililo sahihi bila kutaja mtu, kisha mfuate akiwa peke yake na daftari mkononi: "Mwalimu, hapa mliishia vipi? Nataka niendelee ulipoachia." Mara nyingi ni mwanafunzi aliyenakili vibaya ubaoni. Kama kosa ni lake, mwache alione mwenyewe na alirekebishe. Akishikilia msimamo, hilo ni la mkuu wa idara, lisiwe la mezani wakati wa chai.

Zamu ya kwanza omba upangwe pamoja na mwalimu mwenyeji. Ukibadilishana kipindi na mtu, mtaaluma ajue. Makubaliano ya mdomo husahaulika siku darasa linapopiga kelele.

Halafu pesa. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, kwa hiyo njoo na akiba ya chakula na kodi. Videni vidogo kwa watu watano vitakufanya uwakwepe wote watano. Ni afadhali ukope kwa mmoja na umtajie tarehe. Kiasi cha mchango wa chai mwulize mtunza fedha siku ile ile, na kama huna, mwambie mapema. Kwenye msiba, hata bila rambirambi, nenda. Mikono ya kuchota maji na kupanga viti inatakiwa.

Vikao vya mwanzo sikiliza na uandike. Maneno "kule nilikosoma sisi tulikuwa..." huwachosha wenyeji haraka sana. Una pendekezo? Mpelekee kwanza mkuu wa idara, na kwa muhula wa kwanza moja linatosha.