Kuku ameshatembea, je, mume wangu avue hogo?

SWALI: Mume wangu ni dereva wa bodaboda hapa Urambo, Tabora. Aligongwa, akavunjika mfupa wa ugoko. Hospitali walimpiga picha, wakamfunga hogo. Baba mkwe naye akaleta mganga wa mifupa, ambaye alivunja mguu wa kuku na kuufunga vijiti, akisema kuku akitembea basi na mguu wa mgonjwa umepona. Hii ni wiki ya tatu, kuku anatembea, mume wangu hasikii tena maumivu, na mganga anataka hogo litolewe ili amchue na kumwanzisha kukanyaga. Hospitali walisema turudi wiki ya sita. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada, huyo kuku namfahamu. Wagonjwa wengi wanaonijia na mguu uliopinda wametanguliwa na kuku wa aina hiyo.

Na kuku mwenyewe hajadanganya, mguu wake umeunga kweli. Ndege huunga mifupa upesi kuliko sisi, wiki tatu hivi zinamtosha, tena ana kilo mbili tu za kubeba. Ugoko wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi minne, pengine zaidi, kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tupu, hauna nyama ya kuuletea damu. Kwa hiyo hata hiyo wiki ya sita msiihesabu kuwa ya kuvua hogo. Huenda mkapigwa picha nyingine na kuambiwa mwendelee kusubiri.

Linaloniudhi zaidi ni hili la "haumi, basi umepona". Mfupa ni kitu hai, una mishipa ya damu na seli zinazobomoa na kujenga kila siku. Ukivunjika, damu huvuja na kuganda kati ya ncha mbili, kisha seli huligeuza lile donge kuwa nyuzi na gegedu. Kufikia wiki ya tatu ncha zimeshikwa, hazichezi ovyo, na maumivu yanapungua. Lakini kilichozishika ni tofali bichi: lina umbo, halijachomwa. Madini ya kalsiamu ndiyo kwanza yanaanza kuingia. Mchue mtu katika hali hiyo, au mkanyagishe bila kinga, na ile kazi yote inachanika. Ikijirudia, mwili unakata tamaa. Gegedu linabaki gegedu, mguu unakunjika mahali pasipo na kiungo, na hapo tunazungumzia upasuaji, vyuma, na kuchota mfupa wa nyonga ili kuziba pengo.

(Kama anavuta sigara, aache leo. Najua nawaambia watu wa wilaya ya tumbaku, lakini moshi huchelewesha mfupa kuunga.)

Tena bora kwenu kuku amekuja baada ya hospitali. Kuna wanaoanzia kwa mganga, na huko vijiti hukazwa siku ileile ya ajali, wakati uvimbe bado unapanda. Damu inakosa njia. Vidole vinapoa, vinakufa ganzi, na ukivinyoosha mgonjwa anapiga kelele. Mganga anasema ganzi ni dawa inafanya kazi! Misuli ikikosa damu kwa saa chache inaanza kufa, na mguu uliovunjika tu unaishia kukatwa. Wengine huchanja chale juu ya mvunjiko ambao ngozi yake ilikuwa nzima, wakapaka unga wa mizizi, wadudu wakaingia hadi kwenye mfupa. Usaha wa mfupa unaweza kumsumbua mtu miaka.

Hogo la hospitali nalo likibana vivyo hivyo, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya wilaya usiku huohuo lipasuliwe, na wakiona shida ni kubwa wawape rufaa ya Kitete, hospitali ya mkoa.