Swali Lako Kuhusu Biblia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama kitabu kinachokosea katika historia na kuruhusu utumwa kinaweza bado kumfundisha mtu wema, na kama mimi mama yako naweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ninakiamini. Deni la jibu hili ni la siku nyingi. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja uliniuliza watoto wachanga wa Waamaleki, ambao nabii Samweli alimwagiza mfalme Sauli awaue, walikuwa wamekosa nini, nami nikakukemea kwamba mambo ya Mungu hayahojiwi. Nilikosea, mwanangu. Nilikukemea kwa sababu swali hilo lilinitisha mimi mwenyewe.

Nianze na historia. Mwaka 701 KK, Senakeribu mfalme wa Ashuru alipoivamia Yuda, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, kinasema alimtoza Hezekia, mfalme wa Yuda, talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, talanta ikiwa kipimo cha uzito cha kale. Senakeribu naye aliandikisha habari zake juu ya udongo wa kuchomwa, na maandishi hayo yanasomeka hadi leo: dhahabu ni talanta 30 zile zile, ila fedha imekuwa talanta 800. Anajisifu kwamba alimfungia Hezekia mjini Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu, lakini hasemi popote kwamba aliuteka mji huo. Hao ni mashahidi wawili waliochukiana, kila mmoja akiwa na sababu ya kujipendelea, na bado wanakubaliana kuhusu vita, kodi na mji uliosalimika. Biblia inaongeza kwamba malaika aliua watu 185,000 usiku mmoja. Hilo mimi nalisadiki au silisadiki kwa imani, wala siwezi kumdai mwanahistoria alithibitishe.

Mahali pengine ushahidi unatuelemea, na ni lazima tukubali. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kuanzia 1952 hadi 1958, akahitimisha kwamba mji ule ulikuwa umeangamizwa yapata mwaka 1550 KK, mapema mno kuliko wakati ambao kwa kawaida huwekwa Yoshua, ambaye Biblia inasema aliuteka mji huo. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, ambacho nakipenda kuliko visa vyote vya Injili ya Yohana, hakimo katika nakala za kale kabisa za injili hiyo, na katika Biblia yangu kimefungiwa ndani ya mabano. Kwa upande mwingine, gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lina umri unaozidi kwa takriban miaka elfu moja nakala kamili za Kiebrania tulizokuwa nazo. Lina tofauti nyingi za tahajia na maneno ya hapa na pale, lakini ukilisoma unamsikia Isaya yule yule. Kwa hiyo anayekuambia kwamba wanakili walijitungia tu, naye hajatenda haki.

Lakini najua moyo wako hauumizwi na talanta. Unaumizwa na Kutoka 21, panaposema kwamba bwana aliyempiga mtumwa wake hataadhibiwa iwapo mtumwa huyo ataishi siku moja au mbili, kwa kuwa ni mali yake. Sitakutafutia maelezo ya kuulainisha mstari huo. Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati 23 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake, na Ezekieli, katika sura ya 18, anaikana waziwazi methali ya watu wake kwamba baba wakila zabibu kali, meno ya watoto hutiwa ganzi. Sauti hizi zinabishana ndani ya jalada moja, na aliyezikusanya hakuufuta ubishi huo.

Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia iliyokatwakatwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, na kisa cha wana wa Israeli kukombolewa Misri kikaondolewa. Nilipolijua jambo hilo nilikaa kimya muda mrefu. Walioshika mkasi walijua vizuri kuliko wahubiri wengi ni kurasa zipi ambazo mtumwa akizisoma hatakubali tena minyororo. Ndiyo maana ninakiamini kitabu hiki kikiwa kizima, pamoja na kurasa zinazonitia aibu, kwa maana kurasa zinazonifundisha kuona aibu hiyo zimo humo humo.

Kuhusu wale watoto wa Waamaleki, siamini kwamba Mungu aliyesema kupitia Ezekieli kwamba mwana asiubebe uovu wa babaye ndiye aliyetaka wafe kwa kosa la mababu zao. Nadhani Samweli alimsikia vibaya. Sijawahi kulitamka hilo mbele ya mtu yeyote, na najua wapo ndugu zetu watakaohuzunika wakilisikia. Wewe ndiwe uliyeuliza, tena ukiwa mtoto, na ulistahili kuambiwa siku ile ile.

Ni mimi mama yako.