Caproni Ca.100: bawa la chini refu kuliko la juu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha ya zamani nimeona ndege ndogo ya Kitaliano ya kufundishia marubani, Caproni Ca.100, ambayo bawa lake la chini ni refu kuliko la juu. Nimewahi kusoma kwamba ndege hiyo ni Moth ya Uingereza iliyobadilishwa jina tu. Je, ni kweli? Na bawa hilo lilitoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni nusu ya ukweli. Chimbuko la Ca.100 ni kweli DH.60 Moth, ndege nyepesi ya mbao na kitambaa ambayo Geoffrey de Havilland aliirusha kwa mara ya kwanza mwaka 1925, nayo Ca.100 ilirithi kutoka kwake mpangilio wa viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine. Mabawa, hata hivyo, hayakurithiwa. Katika Moth yalikuwa yamekaribia kulingana, na katika ndege nyingine nyingi za aina hiyo ambazo mabawa yake hayalingani, lililofupishwa ni la chini. Gianni Caproni, Mwitaliano mwenye kiwanda kilichounda Ca.100, aligeuza mambo juu chini.

Tena hakuanzia hapo. Ndege yake ya kudondosha mabomu, Ca.73, ya katikati ya miaka ya 1920, ilikuwa na umbo hilohilo, na Ca.90 ya mwaka 1929, jitu la injini sita, vilevile. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua Ca.100 ni ya nani asitazame viti wala mkia, bali atazame bawa hilo, kwa kuwa ndiyo sahihi ya Caproni mwenyewe. (Fiat nao walilijaribu umbo hilo katika ndege yao ya kivita CR.1, kwa hiyo halikuwa lake peke yake.)

Ca.100 ilianza kuruka mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati jeshi la anga la Italia, Regia Aeronautica, lililoundwa mwaka 1923, lilipokuwa likihitaji marubani wengi wapya. Mwanafunzi alijifunza humo kupaa, kukata kona na kutua, kisha akahamia kwenye ndege nzito zaidi kama Breda Ba.25, iliyotokea mwaka 1931. Ziliundwa takriban 700, nyingine na viwanda visivyo vya Caproni, zikafungwa injini za aina mbalimbali, na Waitaliano wakaizoea kwa jina la Caproncino, yaani Caproni mdogo. Vilabu vya urubani vya kiraia pia viliitumia.

Ilikuwapo pia ya majini, yenye maboya mahali pa magurudumu. Moja ya hizo imetunzwa na klabu ya urubani ya Como, kando ya ziwa la jina hilohilo, na bawa lake refu bado liko chini.