Jibu: Maji yanaingia gereji chini ya mlango, bati nalo linadondosha matone

Mkuu pole sana, hilo la maji kupita chini ya mlango na matone ya asubuhi nalijua vizuri, mi niko Uyole, Mbeya, na mvua zetu toka Novemba mpaka Aprili si za mchezo. Kabla hujanunua kitu chochote anza na nje. Angalia maji yanatokea wapi, maana ukiziba mlango wakati uwanja wote umeinamia gereji unajichosha bure. Mi nilichimba mfereji mbele ya mlango, upana wa koleo, nikamwaga zege nikaweka wavu wa nondo juu ili gari lipite, maji yakaelekea bondeni, hapo tu tatizo likapungua sana. Halafu ndo nikainua kizingiti cha sementi kama sentimita 2 hivi chenye mteremko wa kwenda nje, na chini ya mlango nikafunga kipande cha tyubu ya lori kwa bolti na washa, kiguse sakafu kidogo tu, kikibana sana mlango haufungi.

Hayo matone sio kuvuja kama mvua hainyeshi, ni hewa yenye unyevu inakutana na bati la baridi, Juni na Julai ndo balaa. Usizibe kila tundu! Acha matundu ya hewa juu ya ukuta uweke wavu, na gari likirudi limelowa lifute kwanza. Misumari ya bati nayo kagua mipira yake, iliyopasuka badilisha au paka silikoni, ila siku ya jua, bati likiwa kavu kabisa.