Nina magoti mawili bandia ya dizaini tofauti, hii ndio tofauti nasikia

Dada, umeuliza mama achague goti la kubakisha ligamenti ya nyuma (ule ukano mgumu ndani ya goti unaoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi) ama lile la kuikata, na ni gani litamrudisha kutembea haraka. Mimi ninayo yote mawili. La kushoto niliwekewa 2016, ligamenti ikaachwa. La kulia ni 2019, hapo ikatolewa na mahali pake kukawa na kigingi cha plastiki kinachosimama katikati ya goti. Naishi Nakuru upande wa Menengai, kila asubuhi nateremka mlima kwenda steji na jioni naupanda, kwa hivyo hayo magoti nimeyajua vizuri sana.

Barabara tambarare sisikii tofauti yoyote, nakwambia ukweli. Ukitembea kawaida goti hukunja kama digrii 60 hivi, na kile kigingi mara nyingi huanza kushikana na kile chuma kilichovishwa mwisho wa mfupa wa paja ukishapita hapo, yaani ukienda tu dukani kigingi kiko likizo.

Mteremko sasa ndio una maneno. Ile ligamenti ya nyuma kazi yake ni kuzuia mfupa wa paja usiteleze mbele juu ya mfupa wa muundi, na hata ikiachwa, goti bandia halifanyi kazi sawasawa na lile ulizaliwa nalo kwa sababu ligamenti ya mbele hutolewa kwa haya yote mawili. Nikishuka ngazi kutoka orofa ya tatu pale mjini, goti la kushoto likiwa limekunja nusu nasikia limeteleza mbele kidogo halafu likashika. Si uchungu, ni vile unakanyaga ukidhani ngazi zimeisha kumbe bado kuna moja. La kulia halifanyi hivyo, linashuka imara, shida yake ni kelele. Tak! Plastiki na chuma zinagongana. Kanisani tukiinuka watu hugeuka kuniangalia, mke wangu alishazoea.

Lakini mama asichague kama mtu anachagua viatu. Kama ana matege makali ama hiyo ligamenti imechoka daktari huitoa, na wakati mwingine anaamua akiwa thieta ameshafungua na kuona. Swali la kumuuliza ni amezoea kuweka gani, na ameweka mangapi. Akitajiwa ile ambayo plastiki ya katikati ya vyuma inazunguka kidogo ukitembea, na bei iko juu, ajue imelinganishwa sana na ile isiyozunguka na kwa kutembea hakujaonekana tofauti ya maana. Ila kama eksrei inaonyesha ni upande mmoja tu wa goti umeisha, aulizie goti nusu, yaani hubadilishwa ule upande ulioisha tu. Hilo huacha ligamenti zote, watu hupona haraka na mwendo wake unakaribia goti la kuzaliwa, ubaya ni kwamba hurudiwa oparesheni mara nyingi kuliko goti zima.

Sasa hiyo ya kupona haraka. La kushoto lilinichukua karibu mwaka mzima na la kulia miezi minne nikawa sawa, na usidhani ni kigingi. Mara ya kwanza niliogopa uchungu, nikakaa kwa kiti mguu juu ya stuli wageni wakileta soda, wiki ya sita goti likakataa kupita digrii 75 na fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akanigombeza kama mtoto wa darasa la pili. Mara ya pili nilianza mazoezi miezi mitatu KABLA ya oparesheni, nafunga pakiti ya unga ya kilo mbili kwa kifundo, nakaa kwa kiti nanyoosha mguu nahesabu hadi kumi nashusha, asubuhi na jioni. Msuli wa paja hunywea vibaya baada ya kupasuliwa, ukiingia ukiwa nao kidogo utatoka bila.

Kuchuchumaa asahau, langu halikubali, si hili si lile. Kule ushago muite fundi wa mbao atengeneze kiti cha choo cha shimo mapema, mimi nilichelewa na sitasimulia hiyo wiki. Kupiga magoti si marufuku lakini ngozi ya upande wa nje hubaki na ganzi, unasikia kama umepigia goti la mtu mwingine.

Na aombe stika. Kila kipande huja na stika ya aina, saizi na namba. Pale nilifanyiwa 2016 hawakuweka kwa faili, daktari wa pili akabaki kukisia kwa eksrei, na siku plastiki ikiisha lazima wapate inayoingiana na vile vyuma viko ndani. Za goti la kulia nilizidai kabla sijatoka wodi, ziko kwa kabati pamoja na hati ya shamba.