Mkorosho hautoki mweupe kwa filta peke yake

Mkuu, umeuliza kuhusu picha za infrared, mwanga usioonekana kwa macho: umefunga filta nyekundu namba 25, ukapiga mikorosho ya Mikindani kwa HP5, mkanda wa kawaida wa picha nyeusi na nyeupe, ukitegemea majani yatoke meupe kama sufi, mbona yakatoka meusi? Nami nilianzia hapo hapo.

Filta haiongezi kitu, inazuia tu. Ya kwako imezuia bluu na kijani, ikaachia nyekundu. HP5 inaishia kuona kwenye nanometa 650 hivi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na nyekundu hiyo ndiyo klorofili inayoimeza. Umepiga majani kwa rangi yasiyoirudisha, lazima yawe meusi. Ukivuka 700, kwenye infrared, mambo yanageuka: klorofili haishiki tena, mwanga unagongana na seli na vijinafasi vya hewa ndani ya jani, kisha karibu nusu yake inarudi nje.

Kwa hiyo tafuta mkanda unaoona huko. Ilford SFX 200 inafika 740, Rollei Infrared 400 inafika kama 820. Kodak HIE ilifika 900, ila ilisitishwa 2007. Inayouzwa leo imeshapitwa na muda, usitoe hela yako.

Mimi natumia Rollei na filta ya 720, inayozuia mwanga ulio chini ya nanometa 720. Ukiitazama ni nyeusi tii, kwa hiyo panga picha kwanza kwenye stendi ndipo uifunge. Mita ya mwanga naiweka ISO 12. Jua kali napiga f/11 kwa 1/30 ya sekunde. Ukishalenga, sogeza pete ya umbali hadi alama nyekundu ya R (ya infrared) kwenye lenzi, maana mwanga huu haukutani pale unapokutana ule wa kawaida.

Mkorosho mmoja nyuma ya nyumba ya mawe pale Mikindani niliupiga saa nne asubuhi, mvua ya usiku imeshatuliza vumbi. Majani yalitoka meupe, anga nyeusi, maji ya ghuba meusi zaidi, ukuta wa matumbawe kijivu katikati. Niliukodolea macho ule ukuta muda mrefu.

Jambo moja usilisahau: pakia mkanda gizani. Wa kwanza niliupakia juani, na baada ya kusafisha picha nne za mwanzo zilikuwa zimeungua. Plastiki ya Rollei ni angavu, mwanga unaingia kwenye ulimi wa mkanda na kutambaa hadi ndani ya kopo kama maji kwenye mrija.

Una lenzi gani? Nyingine za siku hizi hazina alama ya R, nitakueleza namna ya kukisia.